Seva Uniachie Mimi

Makambako, Jumapili jioni

Yusta mwanangu,

Kamwene. Nakusikia chumba cha pili unapanga begi na kulipangua, na ningeweza kukuita tu ukaja tukaongea. Lakini tukiongea utanijibu, na wewe ukianza kunijibu mimi husahau nilichotaka kusema, nabaki kujitetea. Kwa hiyo naandika. Usome ukiwa ndani ya basi, mkishaipita Mafinga, mahali ambapo huwezi tena kumwambia dereva akushushe.

Habari za kufua, kula, kukaa vizuri na watu na kuchagua marafiki sitaziandika. Shangazi yako alizimaliza zote jana, tena na za nyongeza, mpaka nikamwonea huruma anavyotafuta pumzi. Mimi nina jambo moja tu. Unavyotaka kuondoka kesho ni kuondoka nusu. Mwili utapanda basi, roho utaiacha hapa kwenye kafe yetu ya intaneti, chini ya meza ile ya pembeni, kwenye seva, ile kompyuta inayozigawia nyingine mtandao. Nimekuona wiki nzima. Unaifungua, unaifuta vumbi, unaisikiliza feni yake kama mtu anayemsikiliza mtoto mwenye kikohozi. Halafu Alhamisi ukanifuata jikoni ukasema, "Mama, niwaambie wanisubiri mpaka mwakani? Hapa utabaki na nani?" Nami nikakujibu, "Nenda kalale." Hilo halikuwa jibu, najua. Niliogopa, sikutaka uone.

Jibu langu ni kwamba hawatakusubiri, na hutawaomba wakusubiri. Watu wa Dar es Salaam waliokupa kazi, wanaounganisha maofisi kwenye intaneti, hawakosi vijana. Wakisikia binti wa Makambako anasitasita, jioni hiyohiyo kiti kina mtu mwingine. Nafasi hii umeipata kwa jasho lako na sitaki uipoteze kwa ajili yangu. Kwa sababu tuseme ukweli, Yusta, anayekufanya usite ni mimi. Niliyatengeneza haya kwa mikono yangu, na ngoja nikueleze yalivyoanza, maana mengine yalianza hata hujazaliwa.

Nilianza kazi ya kuunganisha simu nikiwa na umri kama wako. Tulikaa mbele ya ubao wenye matundu, vyombo masikioni, nyaya mikononi. Mtu wa Njombe akitaka kuongea na mtu wa Dar, sisi ndio tunaomvusha: Njombe mpaka Makambako, Makambako mpaka Iringa, Iringa mpaka mbele. "Iringa, unanipata? Haya, mpokee huyu." Nilizijua sauti za wenzangu wa Iringa kuliko sauti za majirani zangu, na nyuso zao sikuwahi kuziona. Kazi ile niliipenda, jamani. Ila nilikuwa na kiburi. Laini ikisumbua nilikuwa naitafuta mwenyewe, kimyakimya, na yule msichana aliyekuwa msaidizi wangu akisogea kuchungulia namtuma chai. Chai, kila siku chai! Akirudi nimeshamaliza, nimekaa, nimekunja mikono. Nilidhani ndivyo mtu anavyoilinda kazi yake.

Halafu yakaja mageuzi. Mashirika yakagawanywa, mengine yakauzwa, ikaletwa mitambo inayounganisha simu yenyewe bila mtu, na sisi tukapunguzwa. Ndilo neno walilotumia, kupunguzwa, kama chumvi iliyozidi kwenye mboga. Ujuzi wote nilioficha ili nisifukuzwe, nikafukuzwa nao. Msichana yule naye alifukuzwa, na kwa sababu yangu aliondoka hajui kitu. Nilikutana naye baadaye sokoni Njombe anauza viazi. Alinisalimia vizuri kabisa, kwa heshima zote, na mimi nikashindwa kumtazama.

Hiyo ndiyo sababu nilifungua kafe. Watu walisema wazimu. Kila aliyepunguzwa alinunua cherehani, au mashine ya kusaga, au alikwenda kulima viazi, na mimi nikanunua kompyuta tano za mtumba na kupanga chumba karibu na njia panda ya Songea. Sikujua kompyuta. Nilichojua ni kwamba zile nyaya zinafanya kazi ileile niliyoifanya mimi, kumchukua mtu wa hapa na kumfikisha kule, na sikuwa tayari kukubali kwamba biashara ya kuvusha watu imenifia mikononi.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa Mzee Shabani, na ndiye mlalamikaji wetu wa kwanza vilevile. Wewe unamjua sasa akiwa mzee wa kukutania, lakini siku zile alikuwa anaingia kafe kama askari wa msako. Malori yake yakifika mpakani Tunduma, karatasi zikiwa hazijamfikia wakala kwa barua pepe, lori linalala pale na dereva analala chini yake. Na kompyuta zetu zilikuwa zinakufa kila mara. Tulikuwa tunatumia ile programu aliyokuwa anaitumia kila mtu, nakala ya kunakili, CD ya kununua mtaani, na virusi vilikuwa vinaingia humo kama panya kwenye ghala. Leo unasafisha, keshokutwa mashine inazimika yenyewe mteja akiwa katikati ya barua. Mzee Shabani alikuwa anasimama mlangoni anauliza, "Mama Yusta, leo wamepona au bado wamelazwa?"

Mteja mmoja aliyekuwa safarini alisahau gazeti lake la kompyuta mezani. Humo nikasoma kwamba kuna mfumo mwingine unaoitwa Linux, haununuliwi, umetengenezwa na watu wa nchi mbalimbali wanaosaidiana, na ukiandika ombi wanakutumia CD kwa posta bila malipo. Nikaandika. Nikasahau kabisa kwamba nimeandika. CD zilipofika, bahasha safi, stempu za kigeni, Mzee Shabani aliigeuzageuza ile bahasha akaniambia, "Mtu wa Ulaya akupe kitu bure? Hapo kuna jambo. Utaona, siku moja watakuja kuidai kafe." Nami moyoni nilikuwa na wasiwasi uleule, ila sikumwonyesha.

Nilisimika ile CD kwenye kompyuta moja, nikaiweka mbele iwe seva, ishike laini ya simu na kuzigawia zile nne za nyuma. Na hapo ndipo nilipokwama. Ya mbele inaiona dunia yote. Za nyuma hazioni chochote, ziko gizani kabisa. Nilihangaika mpaka nikaanza kuota nyaya. Kwenye maelezo ya ile CD walisema kuna orodha ya barua pepe ya watu wanaotumia mfumo huo, unaandika tatizo lako mara moja na wote wanalisoma, popote walipo, na anayejua anakujibu. Basi nikakaa nikaandika.

Mwanangu, barua ile! Bado ipo huko kwenye kumbukumbu zao, na najua huwa unakwenda kuisoma ukitaka kucheka. Nilianza kwa "Mabwana na mabibi wapendwa". Nikawaambia natumaini ni wazima wa afya, na mimi ni mzima ila baridi ya huku ni kali. Nikauliza habari za familia. Nikajieleza nilivyopunguzwa kazi. Nikaomba radhi kwa kuwasumbua, nikaomba radhi kwa Kiingereza changu, nikaomba radhi tena kwa kuomba radhi. Mwishoni kabisa, mstari mmoja: mtandao wangu umegoma, naomba msaada. Na atakayenisaidia nitamtumia maharage ya Mdandu, mazuri, yasiyo na wadudu.

Nilipata jibu moja. Maneno mawili. Soma mwongozo.

Ebo! Nilishikwa na hasira, acha kabisa. Mimi mtu mzima, nimewasalimu, nimewatakia heri wao na watoto wao, halafu mtu ananijibu kama anafukuza kuku! Wewe ulikuwa likizo ya kidato cha tatu, ulicheka mpaka ukateleza kwenye benchi, na ulipojaribu kunieleza kitu nikakufokea. Nikaapa siandiki tena. Wiki zikapita, kompyuta nne zimekaa kama mapambo, wateja wanapanga foleni kwenye ile moja, na Mzee Shabani akaanza kutuma dereva na karatasi zake mpaka Njombe.

Sasa unakumbuka siku ile ya kulima Mdandu. Mvua zilikuwa zimeanza, jirani wa bibi yako alikuwa amealika watu wamsaidie shamba, togwa imepikwa, makande yako jikoni. Tukaenda sote na majembe. Tulipofika, shamba halijaguswa hata jembe moja, na mwenye shamba amekaa barazani na koti lake anatusubiri, anatukaribisha kwa salamu ndefu nzuri. Bibi yako akasimama palepale. Akauliza, "Mwenyewe ameanzia wapi tumfuate?" Akasema, "Kama bado hajaamka, basi na sisi twende tukalale." Na kweli akaweka jembe begani. Yule baba alivua koti mbio, akaingia shambani kwa viatu vyake vya kanisani, akaanza kutifua kama anafukuzwa, na ndipo watu wakacheka wakaingia nyuma yake. Hakuna aliyemkatalia msaada. Walitaka tu wamkute ana tope.

Ulinisogelea na jembe lako ukaninong'oneza, "Mama, si ndiyo ile barua yako?"

Nilitaka kukuchapa na nilitaka kucheka. Nililima siku nzima nikiiwaza. Niliporudi Makambako niliusoma ule mwongozo, kamusi mkononi, ukurasa kwa ukurasa, mengi hayaingii, nikajaribu hiki na kile. Kisha nikaandika tena kwenye orodha, safari hii salamu moja tu. Nimefanya hivi, mashine ikanijibu hivi. Nikafanya vile, ikanijibu vile. Maneno ya mashine niliyanakili yote kama yalivyo, hata nisiyoyaelewa. Hapa ndipo nilipofika na siwezi kwenda mbele.

Kesho yake nilipopiga laini na kupakua barua nikakuta majibu manne. Mmoja wao, Ramiro wa Uruguay, ambaye baadaye tulikuja kumjua kuwa mwalimu wa sekondari, alikuwa ameandika taratibu, kwa maneno mafupi ya kunirahisishia. Kutoka mashine ya nyuma, iite ya mbele, inaitika? Kutoka ya mbele, ita huko nje, panaitika? Sasa kutoka nyuma ita nje. Sauti inakatikia wapi? Nilisoma nikaanza kucheka peke yangu. Makambako, unanipata? Iringa, unanipata? Kumbe ni kazi yangu ileile! Nikafuata laini kituo kwa kituo kama enzi zetu, na nikakuta seva yetu inapokea simu za watu wote na kukaa nazo. Haikuwa imeambiwa ipitishe ya mwingine. Ndani ya faili moja palikuwa na sifuri iliyotakiwa kuwa moja. Nikaibadilisha, nikakimbia kwenye kompyuta ya nyuma, ukurasa ukafunguka. Nilipiga kigelegele pale peke yangu, muuza mitumba wa chumba cha pili akaja mbio akidhani kuna mchumba ameleta posa.

Na baada ya furaha hiyo yote, unajua mama yako alifanya nini? Hakuandika tena. Nilikuwa nimepata nilichotaka, wateja wamerudi, nani ana muda. Sikumshukuru Ramiro. Sikuwaambia wengine dawa ilikuwa ipi. Nilikula nikafuta mdomo nikaondoka. Ikapita miezi, siku moja nikakuta barua ya mtu wa Ghana, ya upole sana. Alikuwa na tatizo kama langu. Alikuwa amelitafuta kwenye kumbukumbu za orodha, akalikuta swali langu, akasoma kwa furaha mpaka chini, na chini hapakuwa na kitu. Akaniuliza, "Dada wa Makambako, ulipona?"

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kuuma. Nilimkumbuka yule msichana msaidizi wangu wa ubao wa simu. Huku nako nilikuwa nimemtuma mtu chai. Usiku huohuo nikaandika yote, kosa langu, upumbavu wangu, ile sifuri, na jinsi ya kuitafuta, kwa Kiingereza cha kuchechemea. Yule wa Ghana akapona. Wengine nisiowajua wakaandika asante. Na hakuna hata mmoja aliyekuja kuninyang'anya kafe kwa sababu sasa anajua ninachojua. Kuanzia siku ile nilikuwa mtu mwingine, au nilijidhania hivyo.

Kwa sababu hapo sasa ukaja wewe. Likizo zote ulikaa kwenye seva ile. Ulianza kwa kunisomea Kiingereza, ukaanza kuniandikia, ukaanza kujibu maswali ya watu. Ulipofika kidato cha tano ulikuwa umenipita, na nilifurahi kupita kiasi. Furaha ile iliniharibu. Niliacha kusoma. Kitu kikikwama nasema, "Muulize Yusta." Majina ya kurasa yakigoma, muulize Yusta. Mashine mbili zikipewa anwani moja ya mtandao zikagombana, muulize Yusta. Nikajifanya mama mwenye shughuli nyingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kugusa nikaharibu, na wewe ulikuwa unafanya kwa wepesi hata ilikuwa raha kukutazama tu.

Mpaka nikafanya lile. Sitalizunguka. Ulikuwa bweni Njombe, wiki ya mitihani ya majaribio. Seva ikafa, Mzee Shabani ana malori mawili Tunduma, na mimi badala ya kuandika kwenye orodha, nilimpigia simu matroni nikamwambia bibi anaumwa sana, mtoto aje. Ulikuja na basi la kwanza umevimba macho kwa kulia, ukamkuta bibi yako amekaa uani anapukuchua mahindi anaimba. Uliingia kafe, ukaitengeneza seva, hata koti hukuvua, ukarudi Njombe, na mtihani wa fizikia kwa vitendo ukawa umekupita. Ulisema umenisamehe na naamini umenisamehe. Mimi ndiye sikuwahi kukaa chini nikajiuliza kwa nini nilikuita wewe. Wenzangu mamia walikuwa kule, wako macho saa zote, wangenijibu. Lakini kule ningeonekana sijui. Kwako sikuonekana na mtu. Nilikificha kichwa changu nyuma ya mtoto wangu.

Kwa hiyo ulipomaliza kidato cha sita ukasema utakaa kwanza kafe "kidogo", sikukuuliza kidogo ni kiasi gani. Nikafaidi. Bahati nzuri watu wengine walikuona. Uliwajibu watu wa Ghana na wa Bolivia na wa hapahapa Arusha, ukawajibu vizuri, bila kumdharau mtu, na mmoja wa watu wa Dar waliokuwa wanasoma kimya akauliza, huyu ni nani? Hakukuuliza cheti. Alikuwa ameshaziona kazi zako mwaka mzima.

Huko unakokwenda utakutana na waliosoma sana, na vyumba vizima vya seva, siyo hii moja yetu ya chini ya meza. Siku za kwanza utakutana na kitu hukijui, na utataka kuficha, kwa sababu wewe ni mwanangu na kiburi hiki umekipata kwangu. Sema tu kwamba hujui. Sema na ulichojaribu. Na akikaa mtu pembeni yako anachungulia, mpishe aone. Sikufundishi, naona haya kukufundisha jambo nililochelewa kulijua hivi, nakwambia tu lilivyonigharimu.

Sasa nikwambie ya leo.

Tulipotoka kanisani ukaenda Mdandu kumuaga bibi, nilikuambia naenda kupumzika. Sikupumzika. Nilifungua kafe, nikafunga mlango kwa ndani, nikaizima seva, nikachukua CD, nikafuta diski yote. Yote, Yusta. Kila ulichoandika humo kwa miaka hiyo. Nilijua nikikusubiri uondoke ndipo nijaribu, siku ya kwanza tu itakayonishinda nitakupigia simu, na wewe utapanda basi la kurudi. Nakujua, na najijua.

Nikaanza moja. Kusimika hakukunishinda. Ila nilipomaliza na kuwasha zile za nyuma, hakuna hata moja iliyopewa anwani. Nikaangalia faili, liko sawa. Nikaliangalia tena, liko sawa. Na hapo, kama alitumwa, Mzee Shabani akagonga. Jumapili yeye haimhusu, na lori lake lilikuwa limekwama mpakani. Akaona skrini nyeusi, akaona jasho langu, akaelewa yote. "Mwite Yusta," akasema. Nikamwambia, "Haitwi mtu hapa." Akasema, "Mama, dereva wangu amelala Tunduma siku ya pili!" na akatoa simu yake mfukoni akaanza kutafuta namba yako. Nilimnyang'anya. Mimi nilimnyang'anya Mzee Shabani simu mkononi nikaiweka kwenye mfuko wa kitenge changu. Nikamwambia akae. Akakaa! Nadhani aliogopa.

Laini ya nje ilikuwa inafanya kazi kwenye seva yenyewe, kwa hiyo nikaandika kwenye orodha kwa jina langu. Nimefuta, nimesimika, faili ni hili, mashine za nyuma hazipati anwani, nimejaribu moja, mbili, tatu. Nikatuma. Ila pale nilipoandika "nimekagua nyaya zote" mkono wangu ulikuwa umesita, kwa sababu ulikuwa uongo. Sikuwa nimezikagua. Nikainama chini ya meza na tochi. Waya wa dishi, wa intaneti ya nje, ulikuwa mahali pake, lakini wa ndani, unaokwenda kwenye kompyuta za nyuma, nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la kadi ya zamani isiyotumika. Seva ilikuwa inawagawia anwani watu wasiokuwepo. Nikauhamisha, nikaziita kompyuta za nyuma moja moja. Ya kwanza ikaitika. Ya pili ikaitika. Nilipofika ya nne nilikuwa nalia, na yule mzee anajifanya anasoma kalenda ukutani.

Barua yake ikaenda. Wakala akajibu mzee akiwa bado amekaa. Aliposimama kuondoka akaniambia, "Kumbe unaweza. Sasa miaka yote hii tulikuwa tunamsumbua mtoto wa nini?" Nilimrudishia simu yake. Kisha nikaandika kwenye orodha kosa lilikuwa wapi na nililipataje, kabla hata hajanijibu mtu. Ukifika Dar utalisoma huko, utacheka, na ruhusa unayo.

Uliporudi jioni uliniuliza seva ni nzima, nikakwambia ni nzima. Hukujua unauliza seva gani.

Jambo la mwisho. Tangu tulipopata dishi, ulikuwa umejiwekea njia ya kuingia kwenye seva yetu kutoka mbali. Uliniambia ni kwa dharura tu, lakini najua ukiwa Dar ungeingia kila jioni baada ya kazi kuangalia kama niko salama. Najua jioni hizo zingekuwaje. Wenzako wanajifunza, wanapumzika, wanajenga maisha yao, na wewe uko Makambako chini ya meza. Njia hiyo ilifutika pamoja na diski, na sikuirudisha.

Kwa hiyo mwanangu, ukifika, ukakaa, ukashindwa kujizuia ukajaribu kuingia, seva itakukatalia. Usianze kutafuta kosa, mtandao ni mzima. Ni mama yako amekataa.

Mama yako